Si moyo ulochoka, ni mato

Nilipokifunua kile kikapu chenye kofia niliyoianza kushona, mwezi wa tisa, sindano ilikuwa imesimama pale pale nilipoichomeka mwezi wa tano. Imeshika kutu. Hewa ya bahari hapa Lamu haina huruma na chuma, kila mwenye kufuli mlangoni anajua. Nilipoichomoa ikaacha doa la rangi ya chai, dogo mfano wa punje ya choroko, katikati ya ua la pili. Kitambaa kimeshaingia harufu ya kabati. Nilikuwa peke yangu ukumbini, lakini niliona haya kama mtu aliyefumaniwa.

Kofia hiyo niliianza kwa vishindo, na ndiyo maana nataka nisimulie habari yake. Kila nikikaa na wanawake wenzangu nasikia kisa kile kile chenye nguo nyingine: huyu alianza kuhifadhi juzuu akaachia njiani, yule alijiandikisha masomo ya jioni, mwingine ana cherehani imefunikwa leso tangu mwaka juzi. Na sote tunajihukumu kwa neno moja, uvivu. Mimi nilijihukumu hivyo kwa muda mrefu, na hukumu yenyewe ilikuwa ya uongo.

Nakaa mtaa wa Langoni. Nina watoto watatu, na wakati ule nilikuwa na miaka 43. Mume wangu ni nahodha wa mashua, huchukua wageni kwenda Shela, Manda, mara nyingine hadi Kipungani. Machi 13, 2020 ikatangazwa kwamba corona imeingia Kenya, na tarehe 27 mwezi ule ule kafyu ikaanza, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Wageni wakapotea kama waliopeperushwa. Mashua ikafungwa, mume akawa anashinda barazani akihesabu punda wanaopita. Kwenye kopo la akiba mlikuwa na shilingi 11,000 na deni la duka lilikuwa linapanda.

Ndipo nikasema, nitashona kofia za vito.

Kwa msomaji asiyekuwa wa pwani: kofia ya vito ni ile nyeupe ya kanzu iliyojaa vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa mkono, na vitundu hivyo vikiungana hufanya maua na nyota na mawimbi. Mchoro huchorwa kwanza kwenye kitambaa cha mapande mawili yaliyolazwa pamoja. Kisha unatoboa kwa sindano nene, unazungusha uzi mishono saba au minane, unavuta, unafunga, unahamia cha pili. Ukivuta sana kitambaa kinafinyana. Ukilegeza, tundu litajifunga siku kofia itakapofuliwa. Kofia moja nzuri yaweza kula miezi. Niliyajua haya yote kwa macho, maana nimekua nikiwaona wakubwa zangu wakishona. Kwa mkono sikuyajua.

Siku tisa za mwanzo zilikuwa tamu. Nilikwenda Usita wa Mui, njia kuu ya madukani mjini, nikanunua kitambaa cha kofia sita, nyuzi na sindano, nikalipa na mtu wa kunichorea. Jumla shilingi 7,200. Kofia sita! Sijamaliza hata moja maishani. Ukiniuliza leo lile lilikuwa kosa la ngapi, nitakwambia la kwanza na la ghali. Nilinunua kwa hesabu ya hamu ya siku ile, nikidhani hamu ni kitu cha kudumu kama kitambaa chenyewe.

Kosa la pili lilikuwa mdomo. Nilimwambia jirani, nikamwambia wifi yangu, nikapiga picha nikaitia kwenye kundi la wanawake wa mtaa. Wakanimiminia pongezi. "Mashallah, mikono ya dhahabu!" Wallahi nilijisikia kama kofia imekwisha, nami nimeshona upana wa vidole vitatu tu. Tangu siku ile, kila nilipoishika kazi ilionekana kidogo mno mbele ya zile sifa. Nilikuwa nimeshakula utamu wa mwisho mwanzoni.

Ramadhani ikaingia mwisho wa mwezi wa nne. Nilijidanganya kwamba nitashona baada ya tarawehe. Nilishona usiku mmoja, wa pili kichwa kikaniuma, wa tatu nikasema kesho. Mume wangu, ambaye siku zile hakuwa na kazi ila kunitazama, akacheka: "Bi mkubwa, zile zilikuwa nguvu za soda." Nilinuna siku mbili. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimwamini. Kikapu kikaingia kabatini.

Mambo ya kabatini yana tabia moja: hayanyamazi. Kila nilipofungua kutoa shuka nilikiona kikapu, nikafunga haraka. Nikaanza kukwepa kupita kwa jirani yule aliyenisifu. Nikaacha hata kuzungumzia kofia za watu wengine. Laiti ningekitoa nikashona vito viwili nikakirudisha, ingekuwa nafuu kuliko ule mzigo wa kukikwepa.

Mwezi wa tisa akaja mtu, mwenye duka, mtu mzima wa heshima. Alisikia (zile picha!) kwamba nashona. Alitaka kofia aivae Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Tukakubaliana 9,000, akanipa arabuni ya 4,000 papo hapo. Mwaka ule Mfungo Sita ulikuwa unaandama katikati ya Oktoba. Nilikuwa na wiki tano kwa kazi ya miezi mitatu, kwenye mkono usiojua. Ningesema hapana. Lakini zile noti nne zilikuwa kwenye kiganja changu, na dukani walikuwa wameshaacha kuniitikia salamu vizuri.

Ndiyo siku niliyofungua kikapu nikakuta kutu.

Kutu kwenye kitambaa cheupe hutoka, usikitupe. Kamua ndimu juu ya doa, nyunyiza chumvi, anika juani, suuza, rudia. Langu lilififia baada ya mara tatu, likabaki kivuli ambacho asiyejua hakioni.

Nilidhani pesa itarudisha hamu. Ilirudisha mbio, na hamu haikuonekana. Nilishona kwa hofu, usiku na mchana, nikiona mbele yangu uso wa yule mzee na daftari la deni. Kabla ya hapo, hata katika zile siku tisa za upuuzi, kulikuwa na raha fulani: tundu likikaa vizuri nilikuwa nalitazama. Sasa silitazami tena, nalihesabu. Watoto wakinisemesha nawafokea. Kufikia ukanda wa chini vito vyangu vilikuwa vimepanuka, vingine vya duara, vingine kama jicho la samaki, na safu zinapanda na kushuka kama mashua kwenye upepo wa kusi.

Nilimpelekea siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Akaipokea kwa adabu, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya ukanda. Hakuinua sauti. "Bi, umejitahidi. Lakini hii siwezi kuingia nayo msikitini Mfungo Sita." Nikamrudishia arabuni yake kwa mafungu matatu. La mwisho nililipa Desemba. Kofia nikamtupia mume wangu, nikamwambia afanye tambara la kufutia injini.

Mtu atasema hapo ndipo ningeacha, na niliacha. Miezi mitatu sikugusa sindano hata ya kushonea kifungo.

Aliyenirudisha ni shangazi yangu wa Mkomani, naye wala hakukusudia kunirudisha. Januari 2021 nilikwenda kumtazama, alikuwa na homa. Nilimkuta amekaa mlangoni, pale mwanga unapoingia toka ua wa ndani, anashona. Amepita miaka 70, na ana miwani mizito kama chini ya gilasi. Nikamwamkia, nikakaa, na katika mazungumzo nikamweleza aibu yangu yote toka mwanzo: kununua, kujitangaza, arabuni, yule mzee. Nikamalizia kwa kusema, "Mimi shangazi moyo wangu mwepesi kuchoka."

Hakunijibu. Akanipa kofia yake na sindano. "Hebu ndoo (njoo) ukae hapa penye mwanga. Nishonee vito viwili."

Nikaanza. Yeye hatazami kofia, ananitazama uso. Nilikuwa nimeisogeza kofia mbali, mkono umenyooka, nimekunja kipaji. Akacheka hadi akakohoa.

"Si moyo ulochoka, mwanangu. Ni mato."

Mato, kwa Kiamu chetu cha Lamu, ni macho. Akanivua sindano, akanivalisha miwani yake. Haikuwa ya kadiri yangu, lakini kwa nukta moja niliuona uzi. Niliuona uzi wenyewe, nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja! Mwaka mzima nilikuwa nashona kwa kubahatisha. Kile kichwa cha usiku wa Ramadhani, zile safu za kusi, kule kusema kesho, kumbe mwili ulikuwa unakataa kazi usiyoiona, nami naupiga kwa maneno. Ukishapita 40 macho hupunguza kuona vya karibu, ni jambo la kila binadamu, na mimi nilikuwa nalijua kwa watu wengine wote isipokuwa nafsi yangu. Nilikwenda kupimwa, nikanunua miwani ya kusomea. Shilingi 400. Nilitumia 7,200 kununua vitambaa na sikuwahi kufikiria 400.

Kama kuna kitu kimoja ningependa mtu ashike katika maneno yangu, ni hiki cha macho. Hamu ikikutoka usikimbilie kujitukana. Ikague kama mume wangu anavyokagua injini iliyozima: anaangalia mafuta, anaangalia plagi, anaangalia maji. Haiiti injini mvivu. Huenda ni macho. Huenda ni kiti kibaya, ni njaa, ni usingizi, au ni kwamba hujui hatua inayofuata na unaona haya kuuliza. Binti ya jirani yangu alisema amechoka na masomo ya hesabu. Nilipomkalisha, kumbe kuna somo moja la sehemu alilikosa alipokuwa mgonjwa, na tangu hapo kila kitu kilikuwa giza.

Si kwamba miwani ilimaliza mambo. Iliondoa jiwe moja, nyuma yake kulikuwa na mengine.

Shangazi alinipa kipimo: safu nusu, baada ya swala ya asubuhi, kabla ya jikoni. Nikamwambia siwezi nusu safu kila siku. Akasema, "Basi vito vitano." Vitano ni dakika kumi na kitu. Niliona kama dharau. Lakini nilikubali, na kikapu nikakitoa kabatini nikakiweka karibu na birika. Maji ya chai yakichemka mimi niko na sindano. Sikuhitaji kukumbuka wala kujihimiza, birika ndilo lililokuwa likiniita. Siku nyingi vitano vilizaa ishirini. Siku nyingine vilibaki vitano, na nikaondoka bila kujidai. Sindano siku hizi nachomeka kwenye kipande cha mshumaa, haipati kutu.

Mpwa wangu anasoma saikolojia chuoni, na alipokuja likizo nikamwonyesha. Akaniambia, "Mama mdogo, hiyo imeshafanyiwa utafiti." Kule London, mtafiti mmoja, Phillippa Lally, na wenzake waliwafuata watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja amejichagulia jambo dogo la kufanya kila siku mahali pale pale au wakati ule ule, kama kunywa maji au kula tunda. Walitaka kujua ni lini jambo linakuwa mazoea, lijifanye lenyewe. Wastani ukatoka siku 66. Lakini kulikuwa na wa siku 18, na kulikuwa na waliokadiriwa kuhitaji hadi 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Ile 254 ilinipoza kuliko ile 66. Mimi niliachia siku ya kumi nikajiita nimeshindwa, kumbe nilikuwa bado niko gatini, sijafungua hata kamba.

Nikamuuliza na habari ya arabuni, kwa nini pesa iliniharibia. Akacheka, akasema hilo pia lina wenyewe. Mwaka 1971 mtu aitwaye Edward Deci aliwapa wanafunzi vipande vya fumbo vya kupanga. Wengine akaja kuwalipa kwa kila walilolipanga, kisha akaacha kulipa. Wale waliolipwa, malipo yalipokoma, wakawa hawana haja na fumbo kama mwanzo. Na mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake wakaona hivyo kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora: walioahidiwa cheti kabla ya kuchora, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti kile kile bila kuahidiwa, mapenzi yao hayakupungua.

Nilimsikiliza, na sehemu nilikubali. Lakini nilimwambia pia: wale watoto hawakuwa na deni la unga. Kwangu mimi pesa ilikuwa haja, na sitaki mtu aniambie nishone kwa mapenzi matupu. Kilichoniumiza hasa ni kuila kabla ya kazi, kwa tarehe niliyojua moyoni kwamba haiwezekani. Siku hizi arabuni sichukui. Nashona, namaliza, ndipo natafuta mnunuzi. Inachelewa. Ila usiku nalala.

Katikati ya kofia kuna jangwa, na sikuwahi kusikia mtu akiliita kwa jina. Mwanzo una uchangamfu wa kitu kipya, mwisho una kuona kofia inafanana na kofia. Katikati hamna habari yoyote. Unashona leo, unashona kesho, kitambaa kinakutazama vile vile. Nilifika hapo Machi. Nikaanza tena kusema kesho, na safari hii macho yalikuwa mazima. Dawa niliyoipata ni kuacha kuitazama kofia. Nilikata karatasi, nikaitoboa tundu la ukubwa wa ua moja, nikaifunika kofia yote, likabaki ua lile tu. Ua moja lina vito 31. Ua linakwisha. Kofia haikuwa inakwisha, lakini maua yalikuwa yanakwisha moja baada ya jingine, na kila moja likiisha nalitazama kama nilivyokuwa nikitazama zamani. Karatasi ile ninayo hadi leo, imelainika kama leso.

Na kuna jambo la pili, wenzangu. Alhamisi alasiri tulianza kukutana wanne ukumbini kwangu, kila mtu na kazi yake: mmoja ukili, mmoja kofia, mmoja anafuma, mmoja haji na kitu ila umbea. Hatuhimizani. Hakuna anayeuliza umefika wapi. Tunakunywa chai na mahamri, mikono inakwenda. Zile pongezi za kwenye simu zilinikausha, ule ukimya wa watu wanaoshona ulinijaza. Nadhani ni kwa sababu kwenye simu nilikuwa nasifiwa mimi, na hapa kazi inaonwa kama ilivyo. Yule mwenzangu wa kofia aliwahi kuninyooshea kidole, "Hiki kitalegea," na ikawa kweli. Nilifumua. Neno lile lilinifaa kuliko mashallah arobaini.

Aprili mama yangu akaumwa, ikabidi tumpeleke Mombasa. Boti hadi Mokowe, kisha basi, Witu, Garsen, barabara yote ile na vizuizi vyake. Tulikaa siku 19. Kikapu nilikibeba na sikukifungua hata mara moja. Nakiri haya kwa sababu wasimuliaji wengi hupenda kusema walishona kando ya kitanda cha mgonjwa. Mimi sikuweza, nilikuwa nikishikilia tu mkono wa mama na kuzungusha tasbihi.

Tuliporudi, mama akiwa na nafuu, nilikiogopa tena kikapu. Ule woga wa kabati ulirudi vile vile. Yule mtafiti alisema siku moja haiharibu, lakini siku 19 si moja. Nilichofanya asubuhi ya kwanza ni kushona kito kimoja. Kimoja, nikafunga. Siku ya pili viwili. Sikujaribu kulipa siku nilizokosa, na hilo nalisisitiza, maana zamani ningejikalisha usiku kucha nifidie, na kesho yake ningechukia tena kila kitu. Deni la siku zilizopita usililipe. Lifute.

Kofia ilikwisha mwisho wa Mei 2021. Nilikuwa nimekusudia Idi, na Idi ilikuwa imeshapita katikati ya mwezi huo. Vito 2,140, niliviandika kwenye kalenda. Saa za kushona zilikuwa kama 90. Mwenye duka mmoja alitaka kunipa 4,500, nikakataa, nikakaa nayo wiki sita, mtu wa Mambrui akainunua 7,500. Toa 1,200 za kitambaa, uzi na mchoro, imebaki 6,300, yaani shilingi 70 kwa saa. Hayo ndiyo mahesabu na sitayapamba. Mtu mwenye shida ya pesa ya haraka, uza viazi karai mlangoni, utapata zaidi. Mimi mwenyewe niliuza, asubuhi viazi, alfajiri vito.

Basi kwa nini niko kofia ya tano sasa? Nimejiuliza sana, na jibu limekuwa likibadilika. Mwanzo ilikuwa pesa, kisha ikawa kumwonyesha mume wangu kwamba si soda. Hilo la kumwonyesha mtu liliniendesha mwezi mzima, halafu likaisha, maana yeye mwenyewe alikuwa ameshasahau alichosema. Sasa ni kwamba mkono umejua. Kuna wakati sindano inapita, uzi unakaza pale pale unapotakiwa, na mimi sijaamua chochote. Mchoro wa kofia ya nne niliuchagua mwenyewe, ule wa mawimbi, na asubuhi zake zilikuwa nyepesi kuliko za ile ya tatu, ambayo mchoro sikuuchagua. Zipo asubuhi nyingi ambazo sina hamu hata chembe. Birika linalia, nakaa, nashona vitano, nainuka. Asubuhi hizo hazina simulizi.

Kitambaa kimoja katika vile sita bado kiko kabatini. Shangazi amesema nimpe yeye, nami bado nasitasita, sijui kwa ubahili au kwa nini.

Wageni wamerudi na mashua inatoka. Juzi nilishuka gatini kumpelekea mume wangu chakula alichokisahau, nikamkuta ameshafungua kamba, amesimama kwenye tezi, na kichwani ana ile kofia. Ile ya yule mzee, ya safu za kusi, niliyosema ifutiwe injini. Nikampigia kelele toka juu, "Wee, wavaa nini hicho mbele ya watu?" Akaishika kwa mkono mmoja isipeperuke. "Kofia," akasema, na mashua ikageuka. Lile doa huwezi kuliona toka gatini, lakini mimi najua lilipo.